Selo ya Kukopa

Nilitoka kwenye okestra kwa njia ya WhatsApp. Ilikuwa Jumanne, saa tano usiku, siku 11 kabla ya tamasha. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, mwishowe nikatuma mistari miwili: Mwalimu samahani, mambo yamekuwa mengi, sitaweza kuendelea. Asante kwa yote. Kisha nikazima data haraka, kama mtoto aliyerusha jiwe kwenye dirisha la jirani na kukimbia.

Mambo hayakuwa mengi. Jambo lilikuwa moja. Nilikuwa nimeanzisha bendi ya roki na wasee wengine watatu, na Jumamosi ya tamasha ndiyo Jumamosi tuliyopata nafasi yetu ya kwanza kupiga mbele ya watu, kwenye baa moja kule Ngong Road.

Nimesimulia kisa hiki mara nyingi, na karibu kila mara hukisimulia kama hadithi ya ujasiri. Si unazijua hizo hadithi. Kijana amefungiwa ndani ya shati jeupe na suruali nyeusi, anapiga muziki wa marehemu, siku moja anasikia gitaa la umeme na maisha yanabadilika. Watu huipenda sana. Kuna mtu aliwahi kuninunulia nyama choma kwa ajili yake. Ni majuzi tu nilipogundua kwamba kila nikisimulia kuna kitu ninachokiruka, na kitu chenyewe si kidogo, kina urefu wa zaidi ya mita moja. Selo iliyokuwa imeegemea ukuta wa chumba changu usiku ule, ile ile niliyoenda kuipiga kwenye baa, haikuwa yangu.

Niliipata nikiwa na miaka 11. Mradi mmoja wa muziki ulikuja shuleni kwetu na gari limejaa vyombo vilivyotumika ng'ambo, tukapangwa foleni. Wote tulitaka fidla au tarumbeta. Foleni iliponifikia zilikuwa zimeisha. Ikabaki selo, ambayo hakuna aliyejua hata inavyobebwa. Nikaanza na ndogo, na nilipofika miaka 14 nikapewa ya saizi kamili, yenye kibandiko kilichoandikwa nambari 17. Mathe aliitwa kutia sahihi fomu: chombo ni mali ya mradi, mwanafunzi akiacha masomo kitarudishwa kikiwa katika hali nzuri. Mathe anauza mitumba Gikomba na karatasi za mkopo anazijua. Aliisoma mara mbili. Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Kitu cha kuwekewa sahihi si zawadi. Usije ukasahau."

Nilisahau, bila shaka. Ukibeba kitu miaka mingi mgongoni, kwenye matatu ambapo makanga anakuuliza kama huyo jamaa yako mnene naye atalipa, unaanza kukiona kama kiungo cha mwili. Nililipa viti viwili mara nyingi mno. Mara nyingine aliyelipa alikuwa mwalimu, kwa pesa za mfukoni mwake, na hilo pia nililiruka kwenye hadithi ya ujasiri.

Sasa niseme upande wangu, maana nina upande. Kila tamasha, kabla hatujapiga hata noti moja, mtu alisimama mbele ya kipaza sauti kueleza tulikotoka. Hawa watoto mnaowaona. Mtaa ulitajwa, mitaro ya maji machafu ikatajwa, kisha ukaja muziki uliotuokoa. Waliokuja kusikiliza walikuwa watu wazuri, wengine walilia. Sisi tulikaa pale na pinde zetu magotini tukingoja kuokolewa kwetu kumalizike ili tupige. Ukiwa na miaka 12 unajivunia kutajwa. Ukiwa na miaka 19 unaanza kujiuliza kama kuna siku utapiga selo tu, kama mtu yeyote, bila kwanza kushukuru. Shukrani ya kweli humtoka mtu yenyewe. Hii ilikuwa kwenye programu ya jioni, kati ya wimbo wa taifa na Beethoven.

Kwa hivyo nilipokuwa nikiondoka nilijiambia nakataa kuwa maskini wa maonyesho. Nusu ya hilo ilikuwa kweli.

Nusu nyingine ilikuwa ni sauti yenyewe. Kwenye okestra, kazi ya mpiga selo wa nyuma ni kutosikika, na sisemi hivyo kwa ubaya. Selo nne zikipiga mstari mmoja, lengo ni ziwe selo moja kubwa. Ukimsikia mtu mmoja peke yake, huyo amekosea: ametangulia, au amekandamiza upinde, au noti yake imepanda kidogo. Unajifunza kupumua na jirani. Unatazama mkono wa aliye mbele yako, wake ukishuka na wako unashuka. Kondakta (si wa matatu) anainua kidole, na sauti inatoka ambayo hakuna kati yenu anayeweza kusema ni yake. Kuna utamu humo ambao hata leo sijaupata kwingine.

Bendi ni kinyume. Tulifanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya mahali pa kuosha magari, Kariobangi South, tukichanga pesa za tokeni za stima. Tulikuwa wanne, kila mmoja na kazi yake, na usiposikika ndipo umekosea. Siku ya kwanza niliyobandika kinasa sauti cha bei rahisi kwenye mbao za selo na kuichomeka kwenye amplifaya, nikaongeza sauti hadi mwisho, nilicheka kwa nguvu. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake haiwezi kulibeba wimbi zima la sauti. Inalikata kichwa, na pale lilipokatwa zinazaliwa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwepo kwenye uzi. Yaani ule mngurumo wa roki mnaoujua ni mashine ikishindwa na kazi. Miaka tisa nilikuwa nimefundishwa kuficha niliposhindwa, na hapa palikuwa na muziki mzima uliojengwa juu ya kushindwa kwa sauti kubwa.

Mjomba wangu alipopata habari aliniambia mwacha mila ni mtumwa. Nikamuuliza, mila ipi, Mjomba, ya Vienna? Alicheka lakini hakuachia: "Basi umeacha muziki wa wazungu ukaenda kwa muziki wa wazungu." Hilo nalisikia kila wiki na limenichosha. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi wa kanisani, alikuwa akipiga nyimbo za injili kwa gitaa la umeme kabla Elvis Presley hajarekodi chochote. Nairobi yenyewe imetoa Duma, vijana wawili ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ukiisikia utajua hakuna mzungu aliyewafundisha kupiga kelele namna ile. Swali la muziki ni wa nani sina wakati nalo tena. Linalonikosesha usingizi ni la selo ni ya nani.

Mtu akishataka kuondoka hutafuta waliowahi kuondoka. Mimi nilimpata John Cale. Alizaliwa Wales mwaka 1942, baba mchimba makaa ya mawe, mama mwalimu, akapiga viola kwenye okestra ya taifa ya vijana wa Wales, akasoma Goldsmiths mjini London. Mwaka 1963 udhamini wa masomo ulimpeleka Tanglewood, Massachusetts, ajifunze utunzi wa muziki wa kisasa. Ndani ya miaka miwili alikuwa New York na Lou Reed wakiunda Velvet Underground. Viola yake aliitia nyuzi za gitaa na kulisawazisha daraja lake ili upinde uguse nyuzi tatu kwa mpigo. Sikiliza ile albamu yao ya mwaka 1967 utaisikia humo ndani, inalia kama mlango wa chuma usiotaka kufunguka.

Je, waliomlipia Tanglewood walidanganywa? Nimelifikiria sana hili na nasema hapana. Udhamini hununua masomo, haununui mtu. Ukimlipia mtoto karo asome udaktari, akisha kusoma akawa mkulima, unaweza kuhuzunika, unaweza hata kununa Krismasi nzima, lakini hakukuibia. Alichofundishwa kimo ndani yake na hakuna namna ya kukirudisha. Sikio langu, mkono wangu wa kushoto unaojua noti iliko hata gizani, vitu hivyo nilipewa kweli. Mwalimu wangu angetaka kuvichukua angeanzia wapi?

Nikafurahi nikadhani nimemaliza hesabu. Kisha nikasoma kuhusu Nina Simone.

Simone hakutoka okestra wala hakwenda roki, lakini deni lake lilifanana na langu. Alizaliwa Eunice Waymon mwaka 1933, Tryon, North Carolina. Walipoona jinsi mtoto huyu mweusi anavyopiga piano, watu wa mji ule walianzisha mfuko wa kumsomesha. Huku kwetu tungeuita harambee. Alikusudia kuwa mpiga piano wa muziki wa Bach na wenzake, akaomba kuingia Taasisi ya Curtis, Philadelphia, mwaka 1951. Wakamkataa. Maisha yake yote aliamini ni kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1954 akaanza kupiga piano kwenye baa, Atlantic City, akabadilisha jina ili mama yake, mhubiri wa Methodisti, asijue. Curtis walikuja kumtunuku shahada ya heshima mwaka 2003, siku chache kabla hajafa.

Alipokataliwa alikuwa akiwawaza wale watu wa Tryon, waliochanga na kungoja? Mimi ningewawaza. Na hapo ndipo nilipoona kwamba siwezi kujificha nyuma yake. Yeye alifungiwa mlango. Mlango wangu ulikuwa wazi, tena kiti changu kilikuwa na jina langu kwa chaki chini yake. Mtu aliyefukuzwa na mtu aliyeondoka wote wanaweza kuonekana kwenye baa usiku uleule, wakipiga muziki uleule, lakini deni lao si moja.

Jibu nililopata, kama ni jibu, lilitoka mahali nisipotarajia: kitabu kidogo cha Plato kiitwacho Krito, nilichokisoma kwa simu kwenye foleni ya benki. Sokrates yuko gerezani Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo, amehukumiwa kufa. Rafiki yake Krito anakuja alfajiri, amekwisha kupanga kila kitu, walinzi si shida, twende. Sokrates anakataa. Anaziwazia Sheria za Athens zikija kusimama mbele yake kama mzazi mwenye uchungu. Zinamwambia: sisi tulikuzaa, tukakulea, tukakusomesha, leo unatutoroka?

Mara ya kwanza nilikasirika. Nilisikia yule mtu wa kipaza sauti. Tulikuokoa, leo unatutoroka? Kama ni hivyo basi kila aliyelelewa ni mfungwa, na kadiri unavyolelewa vizuri ndivyo kifungo kinavyokuwa kirefu.

Lakini Sheria hazikuishia hapo, na hilo ndilo lililonifanya nipitwe na zamu yangu dirishani. Zinamkumbusha Sokrates kwamba mlango haukuwahi kufungwa. Raia yeyote wa Athens ambaye hakupenda mji ule aliruhusiwa kuchukua vitu vyake na kuhamia popote, mchana kweupe. Ana miaka 70, na miaka yote hiyo hakuhama. Kwa hivyo Sheria hazimlaumu mtu kwa kuondoka. Zinachokataa ni kutoroka usiku, umejifunika nguo ya mtu mwingine, baada ya kukubali kwa miaka.

Na anayehama huhama na vitu vyake. Vyake.

Pima sasa kisa changu hapo. Nilikuwa na haki ya kuacha? Ndiyo, na nitaitetea haki hiyo mbele ya yeyote, mbele ya mjomba, mbele ya wafadhili na machozi yao. Ningeweza kumwambia mwalimu miezi mitatu mapema, siku ile ile nilipojua. Sikusema kwa sababu nilitaka kuendelea kutumia chumba cha mazoezi, na nyuzi mpya za bure, na ile nafasi ya kubadilisha mawazo. Nilitaka kuwa ndani na nje. Halafu siku 11 kabla, nikatoka dirishani na selo nambari 17 begani.

Okestra kubwa za ulaya zina wapiga selo 10 au zaidi. Akikosekana mmoja, jirani yake pekee ndiye anayejua. Sisi tulikuwa wanne. Na tamasha lenyewe lilikuwa la Simfoni ya Tano ya Beethoven. Kila mtu anajua inavyoanza, zile noti nne za kubisha hodi. Wachache wanajua mwendo wa pili. Unafunguliwa na viola na selo, sisi tunaokaa katikati na kusahauliwa, tukipewa wimbo wenyewe tuubebe peke yetu huku besi zikidonoa chini. Tulikuwa tumeufanyia mazoezi muhula mzima. Nilipoondoka sikuacha nafasi tupu nyuma ya fidla 14. Niliondoka pale pale penye zamu yetu.

Kwenye baa tulipiga nyimbo sita. Watu walikuwa kama 40, nusu yao walikuja kutazama mpira. Wimbo wa tatu, uliokuwa na selo mbele, watu walinyamaza, na jamaa mmoja akaacha kutazama skrini. Siwezi kudanganya kwamba haikuwa jioni nzuri kuliko nyingi za maisha yangu. Hilo linanisumbua pia. Tungependa kosa liwe na ladha mbaya, lakini hili halikuwa nayo. Saa mbili na nusu usiku nilijua kabisa, hata bila kutazama saa, kwamba wenzangu wanaingia mwendo wa pili, na nikaongeza sauti.

Selo nilikaa nayo miezi saba zaidi. Kila mwezi nilikuwa na sababu. Bendi ilihitaji sauti yake. Mradi una vyombo vingi. Hakuna aliyeniuliza. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ni kweli, mwalimu hakunipigia hata mara moja, nami nikaufanya upole wake kuwa ruhusa. Kukopa harusi, kulipa matanga, wanasema, na mimi nilikuwa nimeamua kurefusha harusi.

Nilipoirudisha ilikuwa Jumamosi asubuhi, wakati wa mazoezi ya wadogo. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Mwalimu aliitoa selo kwenye mfuko, akaigeuza, akaona mkwaruzo karibu na daraja pale nilipobandua kinasa sauti na rangi ikatoka nacho. Akakigusa. Akaketi, akaipatanisha nyuzi moja baada ya nyingine, sikio karibu na mbao kama mtu anayesikiliza mtoto anavyopumua.

"Uzi wa juu umechoka," akasema.

Nikaomba msamaha kwa mkwaruzo. Nikaomba kwa tamasha pia, lakini hotuba ilikuwa imenipotea, nikasema tu, "Mwalimu, nilikosa."

"Ulikosa," akasema. Hakuongeza kwamba si kitu. Nilikuwa nimetumaini angesema si kitu. Akaniuliza bendi inaendeleaje, tunapiga wapi, tunalipwa. Aliuliza kwa makini, swali la mwanamuziki kwa mwanamuziki, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Kisha akaita msichana aliyekuwa ameketi safu ya mwisho na selo ya mtoto, ndogo hivi kwamba magoti yake yalikuwa yamepanda karibu na kifua. Ana miaka 14. Alikuwa akingoja ya saizi kamili tangu mwanzo wa mwaka.

Sikuwa nimemwaza mtu huyo. Wale wote niliowapigia hesabu, mwalimu, wafadhili, Mathe, wenzangu watatu wa selo, hata Sokrates, na sikuwahi kuwaza kwamba deni langu lingeweza kuwa kwa mtu nisiyemjua, anayekua huku mimi nikitafuta sababu. Aliipokea, akaiweka kifuani, akavuta upinde kwenye uzi mzito wa chini kabisa. Akaona mkwaruzo.

"Hii ni nini?"

"Ni mimi," nikamwambia.

Siku hizi nalipia gitaa la besi kwa lipa polepole, nimebakisha awamu tatu. Bado tunapiga. Wimbo wa tatu tumeupanga upya bila selo, na ni dhaifu zaidi, sitasema vingine. Jioni ile nilipomwambia Mathe kwamba chombo kimerudi, hakuinua macho kutoka kwenye nguo alizokuwa akipanga.

"Wamekupa karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Ya kuonyesha umerudisha. Ile sahihi ni yangu."

Sikuwa nimeomba. Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu tena, kiti kimoja, kwenda kuichukua.